Bonde la Chamonix kwa Mgeni Asiyezoea Theluji

Bonde la Chamonix, lililoko mashariki mwa Ufaransa pale nchi hiyo inapopakana na Uswisi na Italia, linasifiwa kuwa makao makuu ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na hapo ndipo ilipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Kwa mtu anayeumudu mchezo huo, sifa hizo ni za haki. Tathmini hii, hata hivyo, namwandikia msomaji wa aina nyingine, yaani yule aliyekulia kusikoanguka theluji, ambaye sasa anaishi Ulaya au amekuja kutembelea ndugu, na anajiuliza kama safari hiyo inastahili gharama zake. Jibu langu ni kwamba inastahili, mradi aende kwanza kutazama milima na vijiji, na suala la skii aliache liwe la pili.

Kufika si kazi. Wengi hushukia uwanja wa ndege wa Geneva, ambako mabasi hulifikia bonde kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kwa kuwa Uswisi na Ufaransa zote zimo katika eneo la Schengen, viza moja inatosha. Ukishafika, sahau habari za gari. Hoteli na nyumba nyingi za kulala wageni humpa mteja kadi ya mgeni inayomruhusu kupanda mabasi ya bonde pamoja na treni bila malipo, kuanzia Servoz hadi Vallorcine. Kwangu mimi, kadi hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote bondeni, kwa sababu treni hupita Les Houches, Chamonix, Les Praz na Argentière ikipanda taratibu, kisha baada ya Montroc huingia katika handaki na kutokea upande wa Vallorcine, kijiji chenye nyumba za mbao na ukimya ambao mji mkuu wa bonde ulikwisha kuupoteza. Ningeshauri mtu ashuke Les Praz walau mara moja, aone kanisa dogo lenye mnara mwembamba, na nyuma yake kilele cha Drus kikiwa kimechongoka vilevile.

Chamonix yenyewe ina maduka mengi mno ya makoti ya bei ya kutisha, na barabara kuu ya kuelekea handaki la Mont Blanc huleta malori mfululizo. Kinachonivutia katikati ya mji ni sanamu ya Jacques Balmat akimwonyesha mwanasayansi Saussure kilele cha Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Alps. Balmat alikifikia kilele hicho kwa mara ya kwanza kabisa tarehe 8 Agosti 1786 akiwa na daktari wa hapo hapo, Michel Paccard, lakini daktari huyo hayumo katika sanamu hiyo iliyosimamishwa mwaka 1887. Yake ilikuja kuwekwa karibu miaka mia moja baadaye, peke yake, upande mwingine wa mji. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wanaijua vizuri habari ya nani hutajwa na nani husahauliwa baada ya mlima kupandwa.

Jambo ambalo msomaji asilikose ni gari la waya la Aiguille du Midi, lililofunguliwa mwaka 1955. Tiketi ya kwenda na kurudi inazidi euro 70, na nakiri kwamba fedha hizo zinauma, lakini fikiria unachonunua: kituo cha Horombo katika njia ya Marangu kiko mita 3,720, na wapandaji wa Kilimanjaro hukifikia kwa miguu siku ya pili, ilhali gari hili humtoa mtu mjini, kwenye mita 1,035, na kwa dakika 20 hivi likamweka karibu na roshani iliyoko mita 3,842. Sehemu ya pili ya safari haina nguzo hata moja katikati. Waya unaning'inia kutoka kituo cha kati hadi juu, na gari linapokaribia mwamba huinuka karibu wima, na abiria wote hunyamaza. Mwili, hata hivyo, haudanganyiki kwa tiketi. Ngazi chache tu za chuma zinatosha kumkatisha mtu pumzi, hivyo ule wito wa waongozaji wa Kilimanjaro, "pole pole", unafaa huku pia, na watoto wachanga ni afadhali wabaki bondeni. Juu kuna chumba cha vioo kilichojengwa nje ya mwamba, ambamo mgeni huvalishwa ndara laini juu ya viatu vyake ili asikwaruze sakafu, kisha akasimama huku chini ya nyayo zake hakuna kitu ila hewa. Mimi nilivutiwa zaidi na njia ya barafu ya kutokea nje, ambapo wateleza waliofungana kamba hujipanga nyuma ya mwongozaji kabla ya kushuka ukingo mwembamba kwenda Vallée Blanche, mteremko wa kilomita 20 hivi usiotengenezwa na mashine.

Treni nyekundu ya Montenvers, inayopanda kwa reli ya meno tangu mwaka 1909, inapeleka watu kwenye mto wa barafu wa Mer de Glace, mkubwa kuliko yote nchini Ufaransa. Anayetarajia weupe wa kwenye kadi za posta atavunjika moyo, kwa maana sehemu ya chini imefunikwa na mawe na vumbi la kijivu. Kwenye njia ya zamani ya kuelekea pango lililochongwa ndani ya barafu kulikuwa na vibao ukutani vilivyoonyesha barafu ilifika wapi mwaka fulani, na mtu alishuka, akashuka tena, kutoka kibao kimoja hadi kingine kabla ya kuigusa. Idadi ya ngazi ilikwisha kuzidi 500, na ndiyo maana mwaka 2024 lilifunguliwa gari jipya la waya lililosogezwa juu zaidi bondeni.

Kuhusu skii, tatizo ni kwamba maeneo ya kutelezea hayakuungana. Brévent na Flégère yanashikana, lakini Grands Montets iko juu ya Argentière, Balme iko mwisho wa bonde, na Les Houches mwanzo wake, kwa hiyo mgeni hujikuta ndani ya basi amevaa buti ngumu na kukumbatia vibao vya kutelezea virefu kuliko yeye. Grands Montets si mahali pa kujifunzia. Anayeanza aende La Vormaine, kijijini Le Tour, penye mteremko mpana na mpole. Ukungu ukishuka, Les Houches ni bora kwa kuwa miti husaidia macho kuona njia. Aulize pia tiketi yake inafika wapi, kwani ile ya bei nafuu haijumuishi kila eneo. Duka moja la kukodisha vifaa, ambalo sitalitaja, lilinipa buti zinazopwaya na kunihakikishia kwamba zingekaza zenyewe, hazikukaza. Apime, atembee nazo dukani, asione haya kuomba nyingine.

Chakula cha huko ni jibini na viazi, kwa namna nyingi. Msomaji Mwislamu ajue kwamba tartiflette, viazi vilivyookwa na jibini ya Reblochon, kwa kawaida huwekwa vipande vya nguruwe, na fondue, jibini ya moto ya kuchovyea mkate, huyeyushwa kwa mvinyo mweupe. Raclette ni rahisi zaidi kwa kuwa jibini huyeyushwa peke yake, na sahani ya nyama inayoletwa pamoja nayo huweza kukataliwa. Wahudumu niliowauliza walijibu bila kununa.

Machi ni mwezi mzuri, kwa kuwa mchana umerefuka na theluji bado ipo, ila mgeni aepuke wiki za likizo za shule za Ufaransa. Novemba magari mengi ya waya hufungwa kwa matengenezo. Na asinunue tiketi ya Aiguille du Midi kabla ya kutazama kamera za mlimani asubuhi hiyo hiyo, kwani upepo ukizidi gari haliondoki, na mawingu yakitanda juu, euro hizo 70 na ushei zitamnunulia ukungu mtupu.