TAHADHARI: Dalali wa apatimenti za Shela, Malindi. Msimtumie hela!

Jamani watu wa Malindi, na nyinyi wa Mombasa mnaotafuta nyumba huku, someni hii mpaka mwisho. Nimeliwa elfu tisini. Tisini! Mkono unanitetemeka hapa nikiandika na wala si baridi.

Nilikuwa nakaa kwa shemeji na mambo ya huko mnayajua, lazima ningehama kabla mwezi haujaisha, bas nikaona tangazo: vyumba viwili, ghorofa ya juu kabisa, lifti, swimingi puli, Shela karibu na bahari, 45,000 kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja. Nikapiga. Akaja mwenyewe baada ya Alasiri, kanzu imenyooka, kofia ya vito, ananukia udi, salamu ndefu kama amekuja kuposa. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia, akanitajia wazee wa pale mmoja mmoja mpaka nani alifariki lini. Sasa mtu kama huyo utamwambia lete kitambulisho?

Na funguo alikuwa nazo! Soja akafungua geti, "karibu bosi". Tukapanda lifti, akafungua mlango, AC ishawashwa, akafungulia bomba la jikoni nione presha ya maji (na shida ya maji hapa mnaijua, mimi niliposikia yale maji yanavyopiga sinki nilikuwa nishaamua). Akanipeleka juu darini akawa ananionyesha kwa kidole, pale Msikiti wa Juma na makaburi ya nguzo, kule mnara wa Vasco da Gama, "dadangu, hapa unakunywa chai mji wa kale wote uko chini yako." Nataka kufikiria, simu yake ikalia. Akaongea Kitaliano. Najua Malindi hii hata muuza kachiri anakijua, lakini chake kilikuwa kimenyooka. Akakata, akanambia kuna mzee Mtaliano yuko tayari kulipa miezi sita, "lakini mimi nataka mtu wa nyumbani." Nikatuma M-Pesa tukiwa tumesimama palepale. Akanipa agrimenti ina muhuri, funguo nitapewa tarehe moja.

Tarehe moja nafika na mkokoteni, kitanda, magodoro, sufuria nimezifunga kwa leso, nakuta familia nyingine getini, friji yao iko kwenye tuktuk na agrimenti kama yangu, nyumba ileile, muhuri uleule! Tunabishana nani alilipa mwanzo, soja anatutazama tu, mara lifti ikafunguka wakatoka wageni wa Nairobi na kaptura zao wanaenda bichi, kumbe ndio wamelala humo. Ile nyumba inakodishwa kwa siku! Yule mkora aliichukua kama mgeni yeyote, akapewa funguo, akatutembeza sote. Majirani wamejaa madirishani, na kijana wa mkokoteni anadai pesa ya kusubiri. Aibu ile hata adui simuombei.

Meseji ya M-Pesa niliituma 456 ya Safaricom hela irudishwe, hela ishatolewa zamani. Simu yake hapatikani.

Dalili? Taulo kitandani zilikunjwa bata, paswadi ya waifai imebandikwa kwenye friji, nikajua ndio mambo ya kifahari. Jina la M-Pesa lilitokea la mwanamke, akasema mkewe ndiye anayeshika hesabu. Agrimenti haina nambari ya ploti. Dalali wa halali anatakiwa awe amesajiliwa na Estate Agents Registration Board, aitishwe cheti, na soja aulizwe pembeni mwenye nyumba ni nani. Lakini hayo baadaye, kwanza huyu ashikwe! Naambiwa kifungu cha 313 cha Penal Code, kuchukua mali kwa udanganyifu ni miaka 3. Mitatu tu! Mimi nataka thelathini kwa kila familia, na akitoka atembezwe Lamu Road nzima na friji kichwani. Sheria ikichelewa, kisomo cha halbadiri cha kumlaani kiko, na wa kuisoma nishawapata.

Yule mama wa friji, tuliachana bila kupeana nambari. Njoo inbox twende kituoni pamoja, OB yangu, nambari ya ripoti ya polisi, ninayo.