Baiskeli ya kupandia Usambara: ipi ununue kwa misitu, vilima na barabara za vumbi

Anayetafuta baiskeli ya kuzunguka Usambara, Uluguru, msitu wa Pugu au vilima vya Ngong siku hizi haraka atasikia habari za baiskeli ya changarawe: fremu nyepesi, usukani uliopinda chini kama wa mashindano ya lami, tairi nene kiasi. Ni chombo kizuri, na Afrika Mashariki kimeshajulikana. Tangu 2021 Maasai Mara kuna mashindano ya baiskeli hizi, Migration Gravel Race, na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaoendeshea Team Amani wamezipeleka baiskeli hizi hadi kwenye mashindano ya Ulaya na Marekani.

Lakini mshindani ana gari la timu nyuma yake. Wewe spoku ikikatikia Lukozi, huko juu Usambara, msaada wako ni fundi aliyekaa chini ya mti na boksi la spana, gololi na vipande vya tyubu kuukuu. Mpangilio wangu wa baiskeli za kununua unaanzia kwa huyo fundi. Kitu asichoweza kukigusa nakishusha nafasi, hata kama dukani kinang'aa.

Kabla ya kutaja baiskeli yoyote

Angalia kwanza nafasi ya tairi. Barabara ya Lushoto kwenda Mtae kupitia Magamba ina mawe, mizizi na udongo mwekundu wa mfinyanzi. Tairi ya upana wa milimita 40 ndiyo ya chini kabisa ninayoipendekeza, na ya milimita 50, yaani karibu inchi mbili, inapendeza zaidi. Upana wa tairi peke yake hautoshi. Udongo ule ukilowa hung'ang'ania tairi, ukajaa kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Pitisha kidole kati ya tairi na fremu, pande zote mbili na juu, mbele na nyuma. Kisipopita, baiskeli hiyo ni ya kiangazi tu.

Kisha gia. Hesabu ni nyepesi: chukua idadi ya meno ya sprokea ndogo ya mbele, gawanya kwa ile kubwa ya nyuma. Jibu likiwa chini ya 1, utapanda. Likizidi 1, utasukuma. Baiskeli nyingi za lami za miaka ya nyuma zina meno 34 mbele na 28 nyuma, yaani 1.21, na kwa mtu mwenye mzigo ni mateso. Baiskeli ya changarawe yenye meno 30 kwa 34 inakupa 0.88. Ile yenye sprokea moja tu mbele, 40 kwa 42, inakupa 0.95. Baiskeli ya zamani ya mlima yenye 22 kwa 32 inakupa 0.69, na hapo unapanda huku unaongea. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za lami na karibu mita 1,000 za kupanda. Na huo ndio mlima wenye huruma, kwa sababu mteremko wake ni wa taratibu. Ukishaiacha lami unakutana na vile vifupi vilivyosimama wima, na hapo ndipo 0.69 inapoonyesha thamani yake.

La tatu ni vipuri, na hapa namba za rimu zina maana kuliko jina la kampuni. Rimu ya inchi 26 ya baiskeli ya mlima ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi inapokaa. Ile inayoitwa 700C na ile ya inchi 29 ni kitu kimoja, 622. Phoenix na ndugu zake wa inchi 28 kwa 1½ ni 635, hivyo usikubali mtu akuambie kwamba tairi yake "itaingia tu". Namba hizi zimechapwa ubavuni mwa tairi. Kwenye maduka ya vipuri ya miji midogo, tairi ya inchi 26 yenye kashata ndiyo rahisi kuipata. Ya 622 yenye upana wa milimita 40 au zaidi huenda ukaiagiza kutoka mji mkubwa na kuisubiri.

Nafasi ya kwanza: baiskeli ya mlima ya mtumba ya miaka ya 1990, isiyo na shokapu

Najua wapo watakaoshangaa. Tafuta fremu ya chuma, foku ya chuma isiyo na springi, rimu za inchi 26 na sprokea tatu mbele. Trek, Specialized, Giant, Scott na Bridgestone za wakati ule zilitengenezwa kudumu, na vifaa vya gia na breki vya kampuni ya Shimano vya daraja la Deore au Alivio, vikisafishwa na kutiwa mafuta, huendelea kufanya kazi miaka na miaka. Cheni ya gia saba au nane ni nene, ni ya bei nafuu, na inapatikana. Breki za rimu zinatumia waya ambao fundi yeyote anao. Zile zenye mikono mirefu iliyosimama, ambazo Shimano walizileta 1996, zinashika vizuri kuliko zilizotangulia, hivyo ukipata fremu yenye hizo umepata zaidi.

Fremu ya chuma ikipasuka inaweza kuunganishwa. Mwambie fundi atumie gesi na shaba, si umeme, kwa maana mabomba yake ni membamba na moto wa umeme huyatoboa.

Kasoro ipo: kwenye lami tambarare ni nzito kidogo, kilo 12 au 13 hivi, na mkao wake haukingi upepo. Wengine hutaka kuifunga usukani wa kupinda chini ili ifanane na ya changarawe. Mimi nasema iache. Fremu hizo zilipimwa kwa usukani mnyoofu. Ukibadilisha, mikono inaenda mbali mno, na vishikio vya breki za usukani uliopinda kwa kawaida havivuti waya wa kutosha kwa zile breki za mikono mirefu. Funga pembe mbili fupi mwishoni mwa usukani upate sehemu ya pili ya kushika, basi.

Nafasi ya pili: baiskeli ya changarawe yenyewe

Ukiwa unaishi Nairobi, Kigali, Arusha au Dar es Salaam, na safari zako ni za kilomita 80 au 100 kwa siku zikichanganya lami na vumbi, hii itakufaa kuliko zote, na hapo ningeipandisha kuwa ya kwanza. Inakwenda kasi, mikono inapata mikao mitatu tofauti, na fremu ina matundu ya kufungia chupa na mizigo. Nje, mpya ya fremu ya alumini huanzia karibu dola 1,000. Ongeza usafiri na ushuru.

Chagua kwa masharti. Breki ziwe za diski lakini za waya. Za mafuta hushika vizuri zaidi, hilo halina ubishi, ila zikivuja ukiwa porini umekwisha. Hatari nyingine ni fundi wa pikipiki mwenye nia njema: mafuta ya breki aliyonayo ni ya DOT, wakati breki za baiskeli za Shimano zinatumia mafuta ya madini, na ukichanganya, mipira ya ndani inaharibika. Mbele ziwe sprokea mbili. Shimano walitoa familia ya vifaa vya GRX kwa ajili ya baiskeli hizi 2019, na toleo lake la 46/30, yaani meno 46 na 30 mbele, ndilo linalofaa milima yetu.

Nunua siku hiyohiyo kile kikono kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma. Kimetengenezwa kipinde kirahisi ili fremu isiharibike, na kila fremu ina cha kwake. Baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho kinachopinda, na bila cha akiba safari imeishia hapo. Tairi za akiba pia nunua mapema.

Fremu ya kaboni ya mtumba usiiguse. Ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi na usiuone mpaka siku ya kuachia. Kuhusu tairi zisizo na tyubu, zinazozibwa kwa maji mazito ya mpira: ni nzuri penye miiba ya migunga, lakini yale maji hukauka baada ya miezi michache, na kwenye joto hukauka haraka zaidi. Kama huna pa kuyanunua tena, tumia tyubu, viraka na solusheni.

Nafasi ya tatu: baiskeli ya safari ya mtumba kutoka Ulaya

Hizi zinadharauliwa bila sababu. Zina usukani mnyoofu, rimu za 622, sprokea tatu, keria, madigadi, na baadhi zina dinamo ndani ya habu ya mbele. Kwa Pugu, Kisarawe na njia za mashambani zinatosha kabisa. Shida yake ni nafasi ya tairi: nyingi hukubali milimita 42 tu, tena ukishatoa madigadi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yatoe, maana udongo hujaa humo kabla ya mahali pengine.

Nafasi ya nne: ya inchi 29 yenye shokapu mbele

Yenye shokapu nzuri inayoweza kufungwa ni tamu kwenye mawe. Lakini zile mpya za bei ya chini zinazojaa madukani hubeba shokapu nzito inayoanza kulegea mapema, na kila ukisimama kukanyaga mlimani inakula nguvu zako. Zenye springi mbele na nyuma kwa bei hiyohiyo, zipite.

Nafasi ya tano: baiskeli ya mashindano ya matope

Inafanana sana na ya changarawe kwa macho, na wauzaji huzichanganya. Kanuni za mashindano yake zinaweka kikomo cha tairi cha milimita 33, na fremu nyingi za zamani hazizidi 35. Gia zake ni za mashindano ya karibu saa moja, si za kutwa nzima mlimani.

Na Phoenix? Kwa Tabora au Shinyanga, kwenye ardhi tambarare, bado ni baiskeli ya haki na inabeba gunia. Kwa Usambara hapana: gia moja, na breki za vyuma zinazobana rimu ya chuma hukosa mshiko mvua ikinyesha. Kushuka kutoka Magamba na breki hizo ni hatari ya kweli.

Mbele ya muuzaji

Kwa mtumba, njoo na rula. Kwenye cheni, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25 lazima iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Ikizidi kwa moja ya nane, pengine na meno ya nyuma yamekwisha, hivyo punguza bei kwa vyote viwili.

Inua gurudumu la nyuma na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, gololi zimelika au ekseli imepinda. Ekseli hupinda zaidi kwenye habu za aina ya zamani, ambazo meno yote yamekazwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, kwa sababu gololi za kulia zinakaa mbali na fremu. Habu ambayo meno yanavaliwa juu yake ni imara zaidi. Ukipata fremu mbili zinazolingana, chukua yenye hiyo.

Pima ukubwa ukiwa na viatu utakavyovaa safarini. Ukisimama fremu ikiwa katikati ya miguu pabaki nafasi, na mikono isinyooke kabisa. Usidanganywe kwamba siti itarekebisha kila kitu. Urefu wa fremu haurekebishwi.

Mwisho tazama valvu. Yenye kinywa kinene kama ya gari inajazwa na pampu ya fundi wa pikipiki au kwenye kituo chochote cha mafuta. Kama ni ile nyembamba, nunua adapta mbili, moja uifunge kwenye fremu. Upepo wenyewe usijaze mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe, jinsi tulivyozoea: kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 50, psi 30 hadi 35 inatosha, na kwa ya milimita 40 weka 35 hadi 40. Ukipunguza zaidi ya hapo na bado unatumia tyubu, jiwe litaibana kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.