Nguzo za zege, seng'enge na fundi: uzoefu wangu wa kujenga fensi Kigamboni

Naanza na jibu kwanza ili mwenye haraka asisumbuke: nimeweka nguzo za zege zilizomwagwa palepale kiwanjani, wavu wa cheni linki na seng'enge juu, Kigamboni upande wa Gezaulole, fundi ni wa mtaani sio kampuni, na nimeridhika. Fensi imepita masika, imepita vuli, imesimama. Yapo yaliyonikera na nitayasema. Ila kitu ninachotaka hasa mtu akipate hapa ni kwamba fensi inakufia chini ya ardhi na ndani ya nguzo, yani sehemu ambazo kazi ikiisha huzioni tena, kwa hiyo pesa na macho yako vipeleke huko kabla hapajafukiwa.

Kiwanja nilikinunua kikiwa na fensi ya zamani ya nguzo za miti, mwenye kiwanja wa kwanza alizipaka oil chafu. Juu zilikua nzuri tu, ukiangalia unasema hii bado ina miaka. Ukiisukuma kwa mkono inalala. Zote zilikatikia palepale usawa wa ardhi, hapo ndipo unyevu na hewa vinakutana na ukungu wa kuozesha mti unapenda hapohapo, halafu mchwa wa huku kwetu ndo wanamalizia. Oil chafu inakaa kwenye ngozi ya mti haiingii ndani, mti ukishapasuka na jua mchwa wanapita kwenye ule ufa. Na ile oil inabaki kwenye udongo, mimi nilitaka kupanda mboga pembeni ya fensi sikuitaka kabisa.

Nikaangalia nguzo za mikaratusi zile za dawa, zinazoshushwa kutoka Iringa huko Mafinga. Nguzo ya dawa ya kweli inaingizwa kwenye tangi, dawa inasukumwa kwa presha mpaka inazama kwenye nyama ya mti, inakua na ukijani. Hii ni mali nzuri sana, nguzo za umeme zinatengenezwa hivyohivyo na unaziona zinavyodumu. Shida ni kwamba zipo zinazouzwa barabarani zimechovywa tu au kupakwa brashi, rangi ya kijani nje, ndani nyeupe. Namna ya kujua ni kumwambia muuzaji akate kipande kidogo kwenye mti mmoja mbele yako, uone ule mduara wa kijani umeingia kiasi gani kutoka kwenye gome kwenda ndani. Moyo wa mkaratusi wenyewe haunywi dawa hilo ni kawaida, lakini ile nyama ya nje inatakiwa iwe imelowa yote. Muuzaji akikataa kukata ondoka. Na ukinunua usikubali fundi akate upande unaoenda chini, kama ni ndefu akate juu, kwa sababu ukikata chini umefungua ule moyo usio na dawa na umewawekea mchwa mlango. Vipande vinavyobaki msipikie, dawa ile ina aseniki, moshi wake ni sumu. Hili naliomba sana kwa wenye watoto, nimeona watu wanaviokota kwa ajili ya kuni.

Chuma nilikitoa mapema. Huku chumvi ya bahari ipo hewani, bomba na engo za kuchomelea zinaanza kutu kwenye maungio kwa sababu moto wa kuchomelea unaunguza ile zinki inayozuia kutu, na ukirudishia rangi ya kawaida tu juu yake haifiki mbali. Mtu wa Dodoma au Singida anaweza akawa na hesabu tofauti kabisa. Minyaa na michongoma ni nafuu na inapendeza ila inataka muda na kupogolewa, na utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni balaa, nina watoto.

Basi nikaamua zege. Sasa na zege nayo ina uongo wake. Nilizunguka kuangalia fensi za watu ambazo zina miaka kadhaa, na hii ndo sehemu nashauri mtu aipe muda kuliko zote, achana na picha za WhatsApp za fensi iliyokamilika jana. Nenda kwenye ya zamani. Nguzo nyingi huku pwani utaona zina ufa mrefu unaoshuka wima kwenye kona, ukichungulia ndani nondo imeshika kutu. Kutu inavimba, ikivimba inapasua zege kutoka ndani. Inasababishwa na vitu viwili vinavyokuja pamoja mara nyingi, nondo imekaa karibu mno na nje, halafu mchanga au maji yaliyotumika yana chumvi. Mchanga wa ufukweni ni wa bure lakini unakula nondo. Nyumba mbili jirani, fensi za umri mmoja, moja imepasuka nguzo karibu zote na nyingine nzima, ukiuliza unakuta tofauti ni mchanga tu.

Kwenye fensi hiyo nzima ndo nikauliza nani alijenga. Mama mwenye nyumba akanipa namba ya fundi, nikamuuliza swali moja, je ulipompigia baada ya kumlipa alirudi? Akasema alirudi, alichelewa lakini alirudi. Hilo lilinitosha kumuweka kwenye listi.

Nilichukua makadirio kwa watu watatu, mmoja akiwa kampuni iliyosajiliwa Bodi ya Makandarasi. Kampuni bei yao ilikua ya juu sana kwa kazi ndogo kama yangu, siwalaumu, wana gharama zao, ila mtu anayezungusha eneo kubwa au ukuta mrefu wa tofali aende kwa waliosajiliwa kabisa, na aulize daraja lao, yapo madaraja saba. Wawili waliobaki mmoja alinipa bei moja ya jumla, fulu, vifaa na ufundi humo humo. Nilimuomba anichanganulie, simenti mifuko mingapi, nondo ngapi. Akaandika mifuko kumi.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini maana hesabu hii mtu yeyote anaiweza. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 mzunguko ni mita 100, toa geti mita 4, ukiweka nguzo kila mita 2 na nusu unapata kama nguzo 40, ongeza zile za kusapoti kwenye kona na geti unafika kama 50. Nguzo moja ya sentimita 10 kwa 10, urefu mita 2.4, ina zege kidogo tu, na mfuko wa kilo 50 ukichanganya moja kwa mbili kwa nne (simenti, mchanga, kokoto) unatoa nguzo kama sita hivi. Kwa hiyo nguzo peke yake zinataka mifuko nane mpaka tisa. Bado mashimo, shimo la sentimita 30 kwa 30 kina 60, zege hafifu zaidi la moja kwa tatu kwa sita, mfuko mmoja unajaza manne matano. Hapo ni mifuko kumi na kitu tena. Jumla huwezi kushuka chini ya 18, na 20 ndo salama. Sasa anayesema kumi anakwambia mwenyewe kwamba ama nguzo zitakua mchanga mtupu ama mashimo yatafukiwa kwa udongo na kokoto. Nondo vilevile, ya mita 12 inatoa vipande vitano, kila nguzo vipande vinne vya mm 8, nguzo 50 ni nondo 40, na ringi za mm 6 pembeni. Fundi wa yule mama aliandika simenti 21 na nondo 41. Bei yake ya ufundi ilikua juu kuliko ya mwenzake na nikamchukua.

Tulikubaliana vifaa nanunua mimi, yeye ufundi tu. Makubaliano tuliandika kwa mkono karatasi mbili, tukasaini ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri. Kabla ya hapo nilishawaita majirani na mjumbe tukaoneshana bikoni, yani alama za mpaka, watu wanaruka hili halafu fensi ikishasimama ndo kesi inaanza. Malipo tuligawa hivi: asilimia 20 nguzo zikishamwagwa, 30 mashimo yakishachimbwa na mimi nikayapima, 40 wavu ukikazwa, na 10 baada ya masika. Hiyo ya mwisho aliipinga, akaniambia "Mama, ukinibana hivyo mimi nitakula nini?" Nikamwambia fundi, hela yako ipo, nataka tu tuione fensi ikinyeshewa. Mwishowe akakubali, na kila malipo nilituma kwa simu ili ushahidi ubaki, sikutoa keshi hata mara moja.

Kazi yenyewe ya kumwaga nguzo niliisimamia kwa karibu. Kokoto zilitoka Lugoba, mchanga wa mto, na maji nilinunua ya boza kwa sababu kisima changu kina chumvi chumvi. Kilichonifurahisha fundi alikuja na biskuti za zege alizotengeneza mwenyewe, zile za kunyanyua nondo isiguse boksi la kumwagia zege, sentimita 2 na nusu kila upande, sikumwambia. Nilipoziona nikajua nimepata mtu. Vijana wake walikua wanapenda kuongeza maji zege lilainike liingie kirahisi, yeye anawazuia, na kweli zege la majimaji ndo linalotoka dhaifu. Baada ya kutoa kwenye boksi tulifunika magunia na kumwagilia asubuhi na jioni siku 7, hii kazi nilijipa mimi na wanangu maana hakuna fundi atakayekuja kukumwagilia. Wiki ilipoisha akataka kuzisimamisha, mkataba ulisema zisubiri siku 28 zikomae, nikamuonesha, akaenda kufanya kazi nyingine akarudi. Nguzo ya wiki moja ukiikazia wavu inapinda au inapata nyufa ndogo ambazo huzioni siku hiyo.

Mashimo nilipima kwa futikamba moja moja, mengine yalikua sentimita 45 wakarudia, udongo wetu huku ni kichanga unahitaji hizo 60 zote. Kwenye kusimamisha alifanya vizuri, kamba, timazi, pimamaji, anaanza na za kona anazipa sapoti pande zote mbili, zinakaa zikauke ndo anajaza za katikati. Na zege la shimo alilipandisha kidogo juu ya ardhi akalipa mteremko ili maji yakimbie nguzo.

Wavu nilinunua geji 12, wa dukani alinisukumia geji 16 kwa bei nzuri. Wengi hawajui namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba, 16 ni kama mm 1.6 na 12 ni kama mm 2.6, ukishika mkononi unasikia kabisa, na hapa pwani waya mwembamba kutu ikianza haina pa kula inaumaliza. Pima pia na urefu wa rola, usiamini ulichoandikiwa.

Yasiyonipendeza sasa. Fundi simu hapokei, anapiga yeye akitaka, na kazi ilikatika katikati mara kadhaa kwa sababu ana kazi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nguzo chache sura zake mbaya, zina vishimo, inabidi uzipige plasta nyepesi kama unajali muonekano. Usafi sifuri, mabaki ya waya niliyaokota mwenyewe na watoto wanacheza pale. Na masika yalipokolea kona ya nyuma inayopokea maji ya kwa jirani ilianza kuegemea ndani. Nilimpigia hakupokea, nikamtumia meseji na picha, akaja wiki ile ile, akachimbua, akaongeza nguzo ya kusapoti na zege, hakunidai ufundi. Sijui kama angekuja kwa kasi ile bila ile asilimia 10, lakini alikuja na nikammalizia siku hiyo hiyo.

Kwa fensi ya wavu nitamuita tena na nimeshampeleka kwa shemeji yangu Kibada. Geti sikumpa, mwenyewe aliniambia wazi kuchomelea sio kazi yake, na hilo nalo nimemheshimu. Nguzo za geti ndo alimwaga yeye, hizo tulizifanya sentimita 25 kwa 25, nondo nne za mm 12, shimo mita moja kwenda chini, kwa sababu zinabeba uzito unaobembea kila siku, na bawaba zilichomelewa kwenye vyuma tulivyovizika kwenye zege mapema. Anayepanga geti amwambie fundi kabla hajamwaga, kutoboa nguzo baadaye ni kuiharibu.