Jumamosi sita za kujifunza kuachilia: tathmini ya mafunzo ya kukabiliana na msongo wa mawazo mjini Nakuru

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na mafuta nchini Kenya, hutangaza bei mpya za mafuta zitakazoanza kutumika usiku wa manane, na kwa muda wa miaka mitatu mimi, mwenye matatu moja ya abiria 14 inayohudumu kati ya Nakuru na Molo, sikuwa nikipata usingizi usiku huo. Nilikuwa nikikaa na simu mkononi nikipiga hesabu za lita, nikiwakaripia watu wa nyumbani kwa jambo lisilowahusu, kisha alfajiri nikimpigia dereva kumwuliza maswali ambayo hata yeye hakuwa na majibu yake. Mke wangu ndiye aliyeliona tangazo la mafunzo haya kanisani, naye ndiye aliyelipa ada kabla ya kuniambia lolote.

Mafunzo yenyewe ni vikao sita vya Jumamosi asubuhi, kila kimoja cha muda wa saa mbili, katika chumba cha kukodi kilicho ghorofa ya pili katikati ya mji. Ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa vikao vyote, chai ikiwemo, nasi tulikuwa watu 11. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu kundi lilikuwa dogo, na Nakuru, ingawa ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, bado ni mji wa watu wanaojuana. Wawili ninaowagusia hapa nimewaomba ruhusa.

Mshauri nasaha wetu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mwalimu, alianza na mwili, wala si na maneno ya kutia moyo, na hilo lilinivutia mara moja. Alieleza kwamba mtu anaposhtuka mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza na sukari ikaongezeka katika damu, yote hayo yakiwa ni maandalizi ya kukimbia au kupigana; basi mtu anayeshtuliwa na ujumbe wa simu akiwa ameketi kwenye kochi hakimbii wala hapigani, na yale maandalizi humbakia mwilini yakimkoroga tumbo na kumkaza shingo. Kisha tulifundishwa kutoa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko tunavyoivuta, na kukaza na kulegeza misuli kundi baada ya kundi kuanzia miguuni, njia aliyoibuni daktari Mmarekani Edmund Jacobson mwanzoni mwa karne iliyopita. Tulipofika mabegani mimi nilikuwa nimelala fofofo juu ya mkeka, na nimeambiwa kwamba nilikoroma.

Kikao cha pili ndicho kiini cha mafunzo, nami ningelipa zile 6,000 kwa ajili yake pekee. Kila mmoja alipewa karatasi aigawe katika safu mbili: kushoto aandike yaliyo mikononi mwake, kulia yale yasiyo mikononi mwake. Fikra hii ni kongwe. Epictetus, aliyekuwa mtumwa huko Roma kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa, aliifundisha karibu miaka 1,900 iliyopita. Mimi nilijaza safu ya kulia haraka sana: bei ya mafuta, mvua, vizuizi vya polisi, na ajali. Muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa kando yangu aliisoma karatasi yangu, akaniuliza kwa upole, "Mzee, breki za gari lako zilikaguliwa lini?"

Sikuwa na jibu. Kwenye steji tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga, na neno hilo nimelisikia likitamkwa na watu ambao matairi yao yalikuwa yamelika kama kisigino cha ndara. Siku ile chumba kizima kilibishana juu ya neno hilo moja, ajali, na Mwalimu, kwa busara, alituacha tubishane. Tulipomaliza, ajali yangu ilikuwa imekatwa vipande: breki, matairi, mwendo na saa za dereva kupumzika vilihamia kushoto, na upande wa kulia likabaki lori la mtu mwingine lililopoteza breki kwenye mteremko wa kuingia Salgaa. Jumatatu iliyofuata nilipeleka gari gereji. Lori lile bado lipo kwenye mawazo yangu, lakini sasa liko peke yake, na kitu kilicho peke yake hubebeka.

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ushauri wa kuachilia hutolewa ovyo siku hizi. Mtu huambiwa aachilie, aachilie, kabla hajaulizwa amefanya nini, naye huondoka na ruhusa ya kuzembea. Karatasi ile, ilivyotumiwa mle chumbani, ilitulazimisha kwanza tudaiwe kilicho chetu.

Hata hivyo safu mbili hazimtoshi kila mtu. Tulikuwa na mama mmoja kutoka Mwariki ambaye nyumba yake imo majini, kwa kuwa Ziwa Nakuru limekuwa likipanda kwa zaidi ya miaka kumi na limekwisha kumeza hata lango kuu la zamani la mbuga. Alikuwa amechomeka kijiti ukingoni, na kila Jumapili alikwenda kuangalia kama maji yamepungua. Maji yale yangeandikwa safu gani si fumbo, kijiti je? Mwalimu hakumwambia asahau, na ninamheshimu kwa hilo. Alimwuliza tu angependa kwenda mara ngapi, naye baada ya kimya kirefu akasema mara moja kwa mwezi.

Kikao cha tatu kilihusu kuupangia wasiwasi muda wake, nusu saa kila siku, mahali pale pale, na kila wazo linalokuja nje ya muda huo likaandikwa na kuahirishwa. Thomas Borkovec na wenzake waliichunguza njia hii huko Marekani katika miaka ya 1980. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nilichagua saa kumi na mbili hadi kumi na mbili u nusu jioni, nikiketi ndani ya gari baada ya kupokea hesabu ya siku, na sasa ni zoezi ambalo sijaliacha.

Kasoro zipo. Kikao cha nne kilisomwa neno kwa neno kutoka kwenye slaidi ambazo mifano yake haikutuhusu: mtu amekwama kwenye foleni akiwa peke yake ndani ya gari lake, mtu ameombwa achukue likizo ya wiki mbili. Muuza mboga wa Soko la Wakulima atachukua likizo kwa nani? Chumba kiko juu ya duka linalopiga muziki kwa sauti ya kutikisa madirisha. Mara mbili tulianza tukiwa tumechelewa kwa dakika 40, na nilipolalamika nilijibiwa kwa tabasamu kwamba hilo nalo ni zoezi la kuachilia. Sikucheka. Saa ya kuanza iko katika safu ya kushoto, tena safu ya kushoto ya Mwalimu mwenyewe.

Kikao cha mwisho tulikwea hadi ukingo wa Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, ili tukae kimya tukilitazama bonde lile la volkeno lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 na mvuke unaofuka kutoka visima vya umeme. Mvua ilitunyeshea kabla ya nusu saa kuisha.

Anayefikiria kujiunga ajue kwamba haya ni mafunzo ya msongo wa kila siku. Mtu asiyeweza kuinuka kitandani kwa majuma, au anayewaza kujitoa uhai, aende hospitalini bila kungoja Jumamosi. Mwalimu alilisema hilo dakika ya kwanza. Aidha, kwa kuwa kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, ni haki yako kuomba kuona cheti cha usajili kabla ya kulipa. Mimi niliomba, nikaonyeshwa bila kinyongo.

Tarehe 14 iliyopita nusu saa yangu iliisha kabla bei hazijatangazwa, kwa hiyo nililazimika kuziacha mpaka kesho yake. Kundi jipya linaanza mwezi ujao. Nimemlipia dereva wangu nafasi moja, naye hajasema kama atakwenda.