Uzoefu Wangu wa Bima ya Mashua Baada ya Kimbunga Hidaya

Nina mashua ya mbao yenye urefu wa mita tisa, ambayo huvua dagaa kwa taa katika maji ya Kilindoni, kisiwani Mafia. Mwanzoni mwa mwaka 2024 niliikatia bima kwa thamani ya shilingi milioni 12 kupitia wakala wa kampuni moja, nikalipa ada ya shilingi 480,000 kwa mkupuo kabla bima haijaanza. Wakala alikuwa muungwana na cheti kilikuja mapema. Kilichoniumiza ni mkataba wenyewe, kurasa 14 za Kiingereza, nilioutia saini kwa kuamini maelezo ya mdomo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kuwa kimbunga Hidaya kinakaribia, tulisubiri maji yajae, tukaivuta mashua hadi juu kabisa ya ufukwe na kuifunga kwenye mivinje kwa kamba mbili. Tarehe 4 Mei kimbunga kikatufikia. Mawimbi yalipanda mpaka kwenye mashina ya miti, kamba moja ikakatika, na mashua ikapigwa ubavuni hadi mbao tatu karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, zikapasuka, mataruma (mbavu za mashua) mawili yakavunjika na kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi za mbao, ya upande mzima ikachomoka. Fundi alikadiria matengenezo kuwa shilingi 3,400,000.

Nilitoa taarifa kesho yake. Mkadiria hasara alifika siku ya 19, giza la mwezi la Mei, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo ndizo za kuvua dagaa kwa taa, likiwa limekwisha kupita na mabaharia wangu wanane hawajapata hata senti. Alipiga picha chache kwa simu, kisha akadai ankara ya kiwanda cha boti, ingawa mashua hii ilichongwa kwa tezo pale pale ufukweni na fundi ambaye hajawahi kuandika ankara maishani mwake. Baadaye ikaja barua ya kukataa madai, ikisema kuwa kila tahadhari ya dhoruba inapotolewa, chombo kinapaswa kufungwa gatini chini ya mlinzi. Yeyote anayeijua Kilindoni anajua kwamba mashua zetu hulala juu ya mchanga maji yanapokupwa, na kwamba kuiegesha mashua ya mbao kwenye gati la vivuko wakati wa kimbunga ni kuivunja kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo nilinyimwa fidia kwa sababu nilifanya jambo pekee lililoweza kuiokoa.

Nilipeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kabla shauri halijasikilizwa kampuni ikakubali kunilipa shilingi 2,100,000. Ninaamini kwa dhati kwamba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inapaswa kuagiza mikataba ya vyombo vidogo iandikwe kwa Kiswahili, na tathmini ya fundi iliyothibitishwa na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, ikubaliwe kama ushahidi halali. Ada nayo ingefaa ilipwe kwa awamu zinazofuata giza la mwezi, kwa kuwa ndipo wavuvi wa dagaa tunapopata fedha.

Nimeihuisha bima hiyo, lakini sikutia saini mpaka kipengele cha gati kilipofutwa kwa maandishi na mahali pake pakaandikwa "ufukwe wa Kilindoni".