Sydney siku tatu: basi la kifurushi nimepigwa, pantoni ya Manly ndo imenipa mji

Wadau, mwezi wa saba nilikuwa Brisbane, Australia, kwa dada yangu, kajifungua, sasa kabla ya kurudi Dar nikasema siwezi kufika huku kote nikageuza bila kuiona Sydney. Nikajipa siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili. Na kwa ushamba wangu nikalipia kifurushi cha basi cha Jumamosi kabla hata sijapanda ndege, dola mia na arobaini na kitu za kule, eti milima ya Blue Mountains, chakula cha mchana na "vivutio vyote". Kampuni siitaji, ziko nyingi na vipeperushi vyao vyote vinafanana.

Basi tumechukuliwa saa moja asubuhi, abiria wa mwisho kapakiwa saa mbili na nusu maana tulizungushwa hoteli moja baada ya nyingine kama gari la shule. Tunafika Echo Point, pale unaposimama kuangalia yale majabali matatu yanaitwa Three Sisters (Dada Watatu), ukungu umetanda mpaka uzio wenyewe huuoni vizuri, mimi nimevaa kijaketi cha kuendea bodaboda natetemeka tu (Julai kule ndo baridi, misimu imegeuka, nilijua ila sikujua kama ninavyojua sasa), dereva anatangaza dakika ishirini jamani turudi kwenye gari. Dakika ishirini! Alafu kwenye duka la zawadi tukakaa karibu saa nzima. Ukungu umeanza kufunguka tunapanda basi, kwa hiyo kupitia kioo nimeona dada mmoja mzima na nusu ya wa pili. Chakula cha mchana kilikuwa sandwichi baridi. Nawapa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za dereva, alikuwa mcheshi kiukweli.

Kilichoniuma ni jioni, hosteli, naongea na dada mmoja Mkenya ananiambia yeye kaenda hukohuko Alhamisi kwa treni ya kawaida, unapandia stesheni kuu ya Central unashukia Katoomba, mji wa hukohuko milimani, masaa mawili hivi, na kalipa kwa kadi ileile anayogongea kwenye mabasi ya mjini. Kakaa mpaka ukungu ukaisha, kateremka kwa miguu bondeni, karudi na treni aliyoitaka yeye. Nikanyamaza tu.

Sasa hiyo kadi. Wana kadi yao inaitwa Opal, kama N-Card yetu, ila hata huna haja ya kuitafuta, kadi yako ya benki ile ya kugonga inafanya kazi kwenye treni, basi, tramu na pantoni, nauli ni ileile ya mtu mzima. Na kuna kikomo cha siku, ukishakifikia safari zingine za siku hiyo hulipi tena. Jumatatu mpaka Alhamisi kikomo ni kama dola 20, Ijumaa mpaka Jumapili ni kama nusu yake, ndo maana nasema ukipanga siku zako zianguke wikiendi umeshinda nusu ya vita. Angalizo moja: unagonga kuingia NA kutoka, na kwa kitu kilekile. Mimi Ijumaa nimegonga kadi kupanda tramu, kushuka nikagonga simu nikidhani si benki ileile, mashine ikatuona watu wawili tofauti wote hawajamaliza safari, nikakatwa nauli ya juu mara mbili. Kosa langu, silaumu mtu.

Jumapili bila kifurushi cha mtu yeyote nikashuka Circular Quay, bandari ya pantoni pale katikati ya mji, gati namba 3, pantoni ya kwenda Manly, kitongoji cha ufukweni. Jamani. Mimi nimekulia Kigamboni, pantoni kwangu ni foleni, jua, ndoo za samaki na mtu anakukanyaga huku anakuomba samahani. Hii nayo ni pantoni ya umma, watu wanaendea kazini na kurudi nayo nyumbani, subiri ile kubwa ya zamani ya kijani na krimu usikimbilie vidogo, ina sura moja mbele na nyuma kwa hiyo haigeuki, inaenda na kurudi vilevile kama MV Magogoni. Nikakaa nje nyuma. Inatoka tu, Opera House, lile jumba lao maarufu la maonyesho, hii hapa kulia, daraja lile la chuma la Harbour Bridge kushoto, yote mawili kwenye picha moja na hujalipa kiingilio popote. Pembeni yangu mzee mmoja anasoma gazeti, hajainua hata kichwa, nikamuonea wivu mtu anayeweza kuzoea kitu kama kile.

Safari ni nusu saa. Katikati hapo kulia bahari inafunguka kati ya miamba miwili, North Head na South Head, Pasifiki yenyewe inaingia, pantoni inaanza kunyanyuka na kushuka, kahawa ya mtu ikamwagika ikawa inatembea sakafuni kwenda na kurudi, watoto wanashangilia. Kama tumbo lako jepesi kaa ndani katikati.

Manly kwenyewe unashuka gatini, unakata mtaa wa waenda kwa miguu unaitwa The Corso, dakika chache tu uko ufukwe wa upande wa pili, watu wanateleza kwenye mawimbi na baridi ile. Nikanunua samaki na chipsi, nikakaa kwenye ukuta, shakwe mmoja kaja kasimama mbele yangu ananiangalia kwa jicho moja kama mdai, kumbe huyo ni wa kunizuga, mwenzake katokea nyuma kachota chipsi tatu kwa mpigo. Kula umeufunika mfuko.

Ijumaa nilitembea tu kwa miguu. Daraja (la 1932) unavuka bure kwa njia ya upande wa mashariki, wale wanaopanda juu kwenye tao wanalipa hela ndefu, sikuona haja. Opera House nenda mpaka uguse vigae vya paa, kwa mbali ni jeupe, ukisogea unaona kuna vya kung'aa na vya krimu visivyong'aa, na viko zaidi ya milioni moja. Msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, aligombana na serikali akaondoka 1966 kabla halijaisha, likafunguliwa 1973, na hakurudi tena kuliona mpaka anakufa. Nililiangalia nikiwa na hilo kichwani.

Vitu vidogo: treni ya kiwanja cha ndege ina tozo ya stesheni zaidi ya dola 17 juu ya nauli, haiingii kwenye kikomo, ukiwa na muda chukua basi 420 mpaka stesheni ya Mascot upande treni hapo. Plagi zao zina pini za kulala pembeni, ya kwetu haiingii, nunua adapta Kariakoo kabisa. Na korosho za mama andika kwenye fomu ya kuingilia, usifiche, faini zao si za mchezo.

Pantoni naipa tisa, moja nimekata kwa upepo. Kurudi panda ya saa kumi na nusu hivi, Julai saa kumi na moja jioni jua ndo linazama, safari hii simama mbele nje, linashukia nyuma ya daraja na Opera House limekaa jeusi pembeni. Vaa koti la maana, si lile la bodaboda.