Bati Lililofuliwa kwa Mkono: Tathmini ya Gereji ya Gerezani, Dar es Salaam, Iliyotengeneza Sakafu ya Volkswagen Beetle ya Mwaka 1970

Volkswagen Beetle 1300 niliyoirithi kwa marehemu baba ilikaa Tanga miaka 14 chini ya mwembe, mahali ambapo upepo wa bahari hupita mchana na usiku, na nilipoipakia kwenye lori kuileta Dar es Salaam niliamini kwamba injini ndiyo ingenisumbua. Injini iliwaka siku ya tatu. Kilichokuwa kimekufa ni bodi, na sehemu kubwa ya ugonjwa wake haikuonekana mpaka viti vilipotolewa na zulia likainuliwa: sakafu ya upande wa kulia ilikuwa na tundu ambalo kichwa cha mtoto kingepita, na vizingiti vya milango yote miwili vilibonyea kwa kidole kama maganda ya yai.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha alipendekeza kufunika matundu kwa bati la kuezekea, kupaka puti ya kusawazisha na kupiga rangi kwa siku nne. Nilikataa, na ningemshauri kila mwenye gari la zamani akatae. Bati la kuezekea ni jembamba mno kubeba uzito wa kiti na mtu, na limepakwa zinki, ambayo huchemka na kugeuka moshi kabla chuma hakijafikia kuyeyuka, hivyo kiungo hujaa vitobo na anayechomelea huvuta moshi unaoweza kumlaza na homa usiku huohuo. Zaidi ya hayo, kutu iliyofunikwa haikomi kula. Huendelea kuvimba chini ya kiraka mpaka puti ipasuke.

Gereji ninayoitathmini hapa iko eneo la Gerezani, Dar es Salaam, katika uchochoro wenye karakana nyingi za bati. Mwenyewe, mzee wa makamo aliyeanza kufua bati akiwa kijana, aliniomba nisimtaje jina, nami nimeheshimu ombi lake. Alichukua tindo na nyundo ndogo, akagonga kizingiti mara tatu, vumbi jekundu likamwagika. “Mdogo wangu,” aliniambia, “hapa hakuna bati tena, kuna rangi inayojisimamia yenyewe.” Kisha akanieleza, bila haraka, kwa nini Beetle huoza pale inapooza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nimwachie gari.

Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, moja kwa moja juu ya bati la sakafu, kwa hiyo tindikali inayovuja miaka nenda miaka rudi hula pale kwanza. Vizingiti navyo si vizingiti vya kawaida. Ndani yake mna mkondo unaopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma kwenda mbele, na wakati huohuo ndivyo vinavyounganisha bodi na sakafu kwa bolti zilizopangwa ukingoni pande zote mbili. Mtu wa pwani hahitaji hewa ya moto maishani mwake, lakini vizingiti hivyo vikioza gari zima hupoteza ugumu wake, milango huanza kukataa kufunga, na dereva hudhani tatizo ni bawaba.

Vipande vipya vya Beetle bado vinatengenezwa nje ya nchi na vinaweza kuagizwa. Kikwazo ni kwamba sakafu ni kitu kikubwa, na gharama ya kukisafirisha pamoja na ushuru inaweza kuizidi bei yake yenyewe. Ndiyo maana nilikubali vipande vya kufuliwa hapahapa, na baada ya kukaa pale siku nyingi nikitazama, nina hakika kwamba kwa sakafu na vizingiti uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa.

Kabla ya kukata chochote, fundi alitoa tangi la mafuta, ambalo katika Beetle liko mbele chini ya boneti, akafungua betri, kisha akachomelea mabomba ya chuma kukatiza uwazi wa milango ili bodi isijikunje vizingiti vikiondolewa. Hatua hiyo ya mabomba ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu hailipwi na haionekani kazi ikiisha, na fundi mwenye pupa huiruka. Vijana wanane waliinua bodi kwa mikono wakaiweka juu ya magurudumu mabovu, sakafu ikabaki wazi. Akakata upande mmoja tu kwanza, akirudi nyuma mpaka alipofika kwenye chuma cheupe kinacholia vizuri kikigongwa. Nilimwona akikata sentimita 10 zaidi ya alama aliyoichora mwenyewe kwa sababu mlio haukumridhisha.

Vipimo vilichukuliwa kwa boksi la karatasi ngumu lililokatwa kwa mkasi na kujaribiwa mara nyingi, kisha umbo likahamishiwa kwenye bati jeusi la geji 18, lenye unene wa milimita 1.2 hivi. Hapa ndipo kazi ya mkono ilipodhihirika. Sakafu ya kiwandani ina mifereji iliyokandamizwa ili bati lisitikisike na kulia kama ngoma barabarani, na bati tambarare lisilo na mifereji hiyo hata likiwa nene hupiga kelele. Fundi alikuwa na gogo la mninga alilolichonga mfereji kwa patasi. Akaweka bati juu yake, akaweka nondo iliyochongwa mviringo, akapiga nyundo taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, akirudia mara nne au tano ili chuma kishuke kidogo kidogo bila kuchanika. Mifereji yake haikunyooka kwa usawa wa mashine, na ukiangalia kwa taa utaona mawimbi. Hata hivyo gari linapopita kwenye makorongo sakafu haitoi sauti yoyote, na hicho ndicho nilichokitaka.

Kuchomelea alitumia mashine ya waya yenye gesi, akiweka nukta moja moja, kila nukta mbali na iliyotangulia, akisubiri bati lipoe. Bati jembamba likichomelewa mstari mrefu bila kupumzishwa hujikunja, na hakuna nyundo itakayolirudisha lilivyokuwa. Ukingo ulikutana na ukingo bila kulaliana kila ilipowezekana, kwa kuwa bati lililolaliana huacha mwanya wa kuficha maji. Sakafu mpya ilipokamilika pande zote mbili, bodi ilirudishwa na kufungwa bolti, na sakafu hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha kuweka vizingiti vipya. Alipokata yale mabomba, milango ilifunga kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Jambo moja wasomaji wa nyanda za juu walizingatie: vizingiti hivi vya kukunjwa havina mkondo wa hewa ya moto ndani yake, kwani fundi huuacha isipokuwa mteja akiuomba. Mimi sikuuomba. Anayeishi Njombe au Mbeya aombe, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele asubuhi ya baridi.

Kazi ya maumbo yanayopinda pande mbili kwa pamoja haikufikia kiwango cha sakafu na vizingiti. Shimo la tairi la akiba lililoko puani mwa gari lilikuwa limeoza chini, na umbo lake la bakuli linahitaji bati kunyooshwa katikati na kubanwa ukingoni kwa wakati mmoja. Fundi alilitengeneza kwa vipande vitatu badala ya kimoja, kimojawapo kikiwa kimekatwa kwenye pipa kuukuu la lita 200, ambalo kwanza alilijaza maji kabla ya kulikata, tahadhari ambayo wengi huipuuza ingawa mvuke wa mafuta uliobaki unaweza kuua. Viungo vya vipande vile vilifichwa kwa puti nyingi kuliko ninavyopenda. Vilevile kona ya chini ya bodi, nyuma ya mlango wa kushoto, imevimba kidogo, na anayelijua umbo la Beetle ataiona kwa mbali. Kwa madigadi nisingemwachia afue mapya. Kwa kuwa hufungwa kwa bolti, ni bora kutafuta ya mtumba yaliyo mazima.

Lawama yangu kubwa inahusu kinga ya kutu. Chini ya sakafu palipakwa praima na lami vizuri, lakini ndani ya vizingiti, ambamo hakuna jicho linaloingia, hapakupakwa kitu. Niliuliza, nikajibiwa kwamba mteja hulipia kinachoonekana. Sikubaliani naye hata kidogo: kiungo kilichochomelewa na kuachwa bila rangi katika hewa ya chumvi huanza kushika kutu mapema mno, na kutu ile iliyoliua bati la kwanza ilitokea ndani kwenda nje. Tulikubaliana atoboe matundu madogo, nami nikanunua nta ya kupuliza na mpira mrefu, tukaijaza kila pembe mpaka ikachuruzika kwenye matundu ya maji. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja tu. Ingepaswa kuwa sehemu ya huduma tangu mwanzo, na bei ipandishwe ikibidi.

Niliahidiwa wiki 3, gari likatoka baada ya wiki 7. Wiki mbili kati ya hizo zilipotea kwa sababu fundi alikuwa na kazi nyingine aliyoipokea baada ya yangu, jambo ambalo angeniambia waziwazi ningelielewa. Ufundi uligharimu shilingi 1,600,000, mbali na bati, gesi na rangi nilivyonunua mwenyewe kwa stakabadhi. Naiona bei hiyo kuwa ya haki kwa saa za kazi nilizozishuhudia.

Anayetaka kumpelekea gari akae naye siku ya kukata, apige picha kila kiungo kabla ya puti, na akubaliane naye kwa maandishi kuhusu praima na nta ya ndani. Mimi nilirudi baada ya masika. Tuliinua zulia pamoja, tukapapasa sakafu yote kwa viganja, nayo ilikuwa kavu. Unyevu ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye kiungo cha kati cha shimo la tairi la akiba, na alipokiona hakubishana: alishika grainda, akaondoa puti yake mwenyewe mpaka kwenye chuma, akaanza kukata boksi la kipimo cha kipande kimoja kizima.